Beringi Ndogo na Mlima wa Soni
Na Hemedi Shekiondo

Barabara itokayo Mombo, ikapanda Soni hata kufika Lushoto, haizidi sana kilomita 30, ila humtoa msafiri katika tambarare ya joto ikamfikisha kimo cha mita 1,400 hivi, na kona zake, mwamba upande huu na bonde upande ule, humlazimu dereva kukanyaga klachi mara nyingi. Ndiyo maana magari yashushayo kabichi na karoti zetu aghalabu hulala gereji, giaboksi ikiwa chini.

Hapo ndipo huonekana, katikati ya flaiwili, beringi ndogo ishikayo ncha ya shafti ya giaboksi. Wengi huidharau, nami naiona dharau hiyo kuwa dhuluma. Klachi ikiachiwa, injini na shafti huzunguka pamoja, na beringi hupumzika. Kazi yake ni wakati klachi imekanyagwa. Basi dereva azuiaye gari mlimani kwa klachi badala ya breki huila pole pole, mpaka ikalia na gia zikawa nzito kuingia.

Ikiganda, fundi mwenye pupa huitwalia tindo, akaivunja na kulikwaruza tundu la krenki inamokaa, na beringi mpya isikae tena sawasawa. Fundi mwenye maarifa hulijaza tundu grisi pasibaki hewa, akachagua chuma cha mviringo kienee barabara katika tundu la beringi, akakigonga. Grisi, kwa kuwa haishindiliki wala haina pa kutokea, huisukuma beringi kutoka nyuma. Siri hiyo aliibainisha Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo litiwalo katika majimaji yaliyofungiwa huenea sawa pande zote. Beringi yenye tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35 ina mgongo uzidio eneo la chuma kile zaidi ya mara nne, na kani ya nyundo huzidi kwa kadiri hiyo. Grisi ikivuja baina ya gololi, karatasi iliyoloweshwa hushindiliwa mahali pake.

Nawasihi wenye magari, ambao wamekwisha kulipa ujira wa kushusha giaboksi, wasiikatae beringi mpya ili kuokoa bei yake ndogo, wala wasimhimize fundi kwa kuwa mzigo unangojewa sokoni. Nao mafundi wawafunulie wanafunzi wao sababu ya grisi, wasiwaachie nyundo peke yake. Na beringi mpya ipachikwe tundu likiwa limefutwa safi, igongwe kwenye ukingo wake wa nje tu.