Kisu Katika Tranka

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami nataka kuitumia kusema juu ya jambo ambalo kila mtu hapa shuleni amelisema kwa kunong'ona, wala hakuna aliyeliandika. Mimi ni kiranja wa bweni, wa Kidato cha Nne, na baadhi ya nitakayoyasema hayanipendezi mimi mwenyewe.

Wazazi huenda hawakusikia. Katika juma la sita la muhula palifanyika ukaguzi wa ghafula mabwenini. Mwalimu wa zamu alitutoa nje kabla ya uji, tukasimama kila mtu mbele ya tranka lake, na matranka yakafunguliwa moja moja. Yakaonekana mambo ya kila siku: simu mbili, nguo za nyumbani, mkate uliokwisha ota ukungu. Kisha katika tranka la mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza, chini kabisa, ndani ya soksi, kikaonekana kisu. Hakikuwa kisu cha dukani. Kilikuwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa juu ya saruji, na mahali pa mpini pamezungushwa kitambaa. Alipoulizwa kisu ni cha nini, yule mtoto alinyamaza. Akapelekwa ofisini, na jioni ile ile akaenda kwao na barua ya kumwita mzazi.

Kesho yake tukaambiwa mstarini kwamba silaha imepatikana na shule ni salama. Nilisimama pale katika mstari wa viranja nikaona haya, kwa sababu nilijua kisu kile ni cha nini.

Yule mdogo wetu hulala kitanda cha chini katika bweni langu. Tangu Januari, kila usiku baada ya prepo, na baada ya mwalimu wa zamu kwisha pita na tochi yake, wakubwa watatu walikuwa wakimwamsha. Sabuni yake ilikuwa yao, na sukari yake, na dawa yake ya meno. Alipanda juu ya tranka akaimba. Alipokosea maneno alichapwa kwa mkanda. Siku moja alilala uvunguni mpaka asubuhi, kwa sababu kitanda chake kilikuwa na mgeni kutoka bweni jingine. Wale watatu nawajua kwa majina. Mimi sikumpiga hata mara moja, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Lakini ndoo yangu ya maji ya asubuhi aliijaza yeye, kwa majuma matano, wala sikuuliza ni nani aliyempa kazi ile.

Basi maoni yangu ni haya, kwamba ukaguzi hukamata mwisho wa habari na kuuacha mwanzo wake umelala kitandani. Kisu kile kilinolewa na woga. Mngemnyang'anya leo, na wale watatu wakabaki kama walivyo, kesho angepata kingine, au chupa, au jiwe.

Tena tukitaka kuhesabu silaha, na tuhesabu kwa haki. Nimeisoma upya fomu ya kujiunga niliyoletewa nilipochaguliwa kuja hapa. Iliniagiza nije na godoro, ndoo, mfagio, jembe na mpini wake, na panga au fyekeo. Baada ya ukaguzi nilizunguka bweni langu peke yangu nikatazama uvunguni. Nilihesabu mapanga thelathini na saba. Watu walishika vichwa kwa sababu ya kisu cha urefu wa kidole, na hatua mbili kutoka pale yalikuwapo mapanga thelathini na saba ambayo hakuna aliyeyatazama, maana yamo katika orodha!

Sisemi kazi za mikono ziachwe. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shule zilime, nasi twala mahindi ya shamba letu wenyewe. Nasema tu kwamba panga halina kazi bwenini usiku. Yafaa kila chombo kitiwe namba ya mwenyewe, kiwekwe stoo siku ya kwanza ya muhula, kitolewe saa ya kazi na kihesabiwe kinaporudi. Kufuli moja na daftari moja vyatosha.

Wengine watasema nakuza jambo dogo. Twaweza kutazama yaliyowapata jirani zetu wa Kenya, ambao mabweni yao na viranja wao havitofautiani sana na vyetu. Mwaka 1999, katika shule ya sekondari ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao usiku na wanafunzi wenzao, wakamwagiwa petroli, wakachomwa moto. Walikufa. Mwaka 2001 huko Kyanguli, katika wilaya ya Machakos, bweni lilichomwa kwa petroli, na wavulana 67 wakafa ndani. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hapakuwa na bunduki wala panga. Katika mambo yote mawili mkaguzi angepekua matranka mchana kutwa asione kitu. Mimi nikiwa kiranja, habari ya Nyeri huwa siisomi mara mbili.

Na hapa nisiwasahau viranja wenzangu. Tuna desturi ya kutembea na fimbo. Hakuna aliyetupa, tumerithi tu kwa waliotutangulia, kama tulivyorithi vitanda vyao. Kwa kanuni za nchi yetu za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko, mwenye kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, navyo viandikwe kitabuni. Nimezisoma mara mbili nikimtafuta kiranja. Hamo. Basi kila kiboko tunachopiga njiani kwenda bwaloni hakina ruhusa, na mtoto akituona hivyo, atawezaje kuja kutushtakia wale wanaompiga usiku? Atatuona sote wamoja.

Sanduku la maoni lipo, ni kweli. Limetundikwa ukutani mbele ya chumba cha walimu, mahali ambapo shule nzima huona nani amesimama pale na karatasi mkononi. Nadhani barua ya mwisho iliyotiwa mle ilihusu maharage. Lihamishiwe maktaba, au nyuma ya dispensari, mahali ambapo mtu hupita bila kuulizwa amefuata nini, na ufunguo ukae kwa mwalimu wa ushauri nasaha peke yake. Kadhalika mwalimu wa zamu asipite saa nne tu. Wale watatu walizijua nyayo zake kama kengele. Akipita tena saa sita bila tochi, mambo mengi yatakoma.

Wenzangu wa Kidato cha Nne watakasirika. Watasema sisi nasi tulipitia hayo, tukakomaa. Mimi nakumbuka tulivyokuwa. Katika mkondo wetu alikuwapo mvulana aliyetushinda sote katika hesabu. Alikaa hapa siku thelathini na moja, akaenda nyumbani kwa ruhusa ya kutibiwa, asirudi. Nilimwona likizo iliyopita akitengeneza baiskeli kando ya soko. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama fulani bado yupo, nikamwambia alikwisha maliza shule. Akasema, "Afadhali," akainama tena kwenye mnyororo. Tukisema tulikomaa, twawahesabu waliobaki tu.

Nanyi wazazi wetu, mtoto akiomba sabuni na sukari mara ya pili kabla mwezi haujaisha, msimwite mharibifu. Mwulizeni ya kwanza imekwenda wapi, tena mwulizeni akiwa peke yake, si mbele ya kaka mkubwa wa jirani anayesoma naye. Simu ya huduma kwa watoto, namba 116, hupigwa bure. Sisi huku haturuhusiwi kuwa na simu, lakini ninyi mnazo.

Jambo la mwisho ni la haraka. Shauri la yule mdogo wetu litakwenda mbele ya Bodi ya Shule mwezi ujao, na wengi husema atafukuzwa. Sitetei kisu. Angemchoma mtu, leo tungekuwa na kaburi, na yeye angekuwa gerezani. Lakini akifukuzwa yeye peke yake, kila mtoto wa Kidato cha Kwanza atajifunza kwamba hapa anayeadhibiwa ni yule aliyeogopa. Naomba Bodi imwite, imwulize tena swali lile lile, na safari hii katika chumba ambamo hakuna mwanafunzi mwingine.

Mimi nimekwisha kwenda ofisini nikasema niliyoyajua, pamoja na majina, na habari ya ndoo yangu pia. Wawili katika wale watatu ni rafiki zangu. Mmoja hanisemeshi mpaka leo. Asubuhi iliyofuata nilichukua ndoo nikaenda bombani mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu. Watoto wa Kidato cha Kwanza waliponiona walisogea, wakanipisha nipite mbele. Nikawaambia hapana, kila mtu akae mahali pake. Wakatazamana, wakazidi kusogea.