Mita Moja na Wapangaji Watatu

Wanachama wenzetu, kila mwisho wa mwezi twasikia ugomvi wa umeme katika nyumba za kupanga, hapa Bulwa na huko Muheza vilevile. Na wagombanao si watu wasiojua hesabu, bali ni makarani na walimu. Wengi wetu hununua tokeni, huzibonyeza zile tarakimu 20 katika mita ya LUKU, kisha hutosheka kuona taa zawaka, pasipo kuuliza ni kitu gani kilichopimwa.

Mita haihesabu taa wala vichwa vya watu. Hupima nguvu ya chombo pamoja na muda kinaotumika. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 yahitaji saa 100 kuimaliza. Jiko la wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa, na birika la kuchemshia maji, ambalo sisi wa milimani twalipenda sana asubuhi za baridi, halichelewi sana nyuma ya jiko. Basi achangishaye fedha sawasawa kwa kila chumba, chenye taa mbili na chenye jiko, humdhulumu mmoja, ijapokuwa hakukusudia.

Lakini liko jambo kubwa zaidi, nalo ni bei. Katika bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, kabla ya kuongeza kodi, mtumiaji mdogo wa nyumbani, yaani asiyepita uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, na mtumiaji wa kawaida shilingi 292. Nia ilikuwa njema, mnyonge apate nafuu. Sasa na tufanye hesabu kwa bei hizo. Wapangaji watatu hutumia uniti 30 kila mmoja. Kama kila mmoja angalikuwa na mita yake, angalilipa shilingi 3,000 tu. Lakini mita ni moja na uniti zao ni 90. Mita haijui ya kuwa nyuma yake mna meko matatu. Yaona mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Wakitiwa katika bei ya kawaida hulipa shilingi 26,280, ndiyo 8,760 kwa kila mmoja, karibu mara tatu ya haki yake. Na bwana akaaye peke yake katika nyumba nzuri, akatumia uniti 70, yeye huipata nafuu ya wanyonge!

Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo katika LUKU. Deni ni la mwenye nyumba, lakini fedha hutoka kwa yeyote aliyenunua tokeni. Twaona ni haki apunguziwe katika kodi ya chumba, wala asionekane mkorofi akidai.

Wako wasemao kwamba mitambo ya Hale iko karibu nasi, basi bei yetu ingepunguzwa. Hayo tuyaache, bei ya gridi ni moja kwa nchi nzima.

Wenye nyumba, na baadhi yao wamo chamani humu, yawapasa kuweka mita ndogo ya ndani kwa kila chumba. Hiyo itaondoa ugomvi, ila haitaondoa bei ya 292. Kwa hiyo twaiomba Kamati ya Chama iliandikie Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma zidhibitiwazo na EWURA, ili bei zitakapojadiliwa tena, hesabu ya uniti 75 ifuate idadi ya jamaa wanaotumia mita, si mita yenyewe. Barua isiyo na hesabu haina nguvu. Kila mpangaji ampelekee Katibu stakabadhi zake za miezi mitatu, aandike nyuma yake idadi ya jamaa wa nyumba ile.