Risala ya Wakazi wa Vijiji vya Njia ya Misafara kwa Waheshimiwa Wabunge, Dodoma



Umoja wa Afrika uliutenga mwaka 2025 kwa ajili ya kudai fidia kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Tulifuatilia redioni kwa hamu. Tulisikia habari za utumwa: za kisiwa cha Gorée, za ngome za Ghana, za soko la Mkunazini kule Unguja. Mpwapwa hatukuisikia, wala Kilimatinde. Lakini watumwa waliofikishwa pwani walitembea kwanza, na wengine wao walipita kwetu: kutoka Manyema na Ujiji, wakavuka Unyamwezi, wakaingia Ugogo, wakashuka Mpwapwa na Mamboya hadi Bagamoyo. Upande wa magharibi wa Mpwapwa iko nyika ambayo misafara iliiita Marenga Mkali. Iliogopwa kwa sababu haikuwa na maji. Aliyeanguka pale akiwa amefungwa hakuwa na wa kumbeba.

Hatukuja kujifanya tuna mikono misafi. Watemi wetu walitoza hongo kwa misafara iliyokunywa visima vyetu: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Mali hiyo ilipokewa hata pale msafara ulipokuwa umefunga watu. Wapo wazee wetu waliouza binadamu, na wapo walionunua. Tunalisema wenyewe kwa sababu tumechoka kuona suala la utumwa likigeuzwa fimbo ya siasa, mmoja akimpigia Mwarabu au Mzanzibari, na mwingine akijibu kwamba watumwa walitendewa wema. Maneno hayo hayajamchimbia mtu kisima. Hatuna deni na wajukuu wa mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip. Tunachotaka ni hesabu ipigwe.

Na hesabu yenyewe imeandikwa. Uingereza ilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20, nazo zikaenda kwa wenye watumwa. Zanzibar, mwaka 1897, bwana alilipwa fidia, mtumwa akapewa cheti. Huku bara Wajerumani hawakuufuta utumwa; walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Ilibidi kungoja hadi 1922 ndipo sheria ya Waingereza ikaupiga marufuku Tanganyika. Kila mara waliovuja jasho walitoka mikono mitupu.

Wakati huo kodi ilikuwa imekwisha kuingia, tangu 1898, na asiye na fedha aliilipa kwa kazi. Ikaja vita kuu ya kwanza. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe wetu, nafaka yetu na wanaume wetu wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba yoyote, na Ugogo ukaangukia njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Waliosalia na nguvu wakaenda umanamba kwenye mkonge. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako leo kila mfanyabiashara wa nchi hii anakwenda kununua, inabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Na ni katika mitaa hiyohiyo ndugu zetu wakikaa kuomba husemwa kwa jina la kabila, kana kwamba Mgogo alizaliwa akinyoosha mkono. Neno hilo linatuuma. Watu hawa walikuwa na ng'ombe.

Waheshimiwa, mimi ninayesoma risala hii nina mdogo wangu wa kike. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka 13, mwaka ambao mtama uliungua shambani. Dalali alimwahidi mama kwamba binti atasomeshwa cherehani. Akaishia kufanya kazi za ndani, akarudi baada ya miaka minne akiwa na kanga mbili na kikohozi, bila shilingi. Mama hakuuliza mshahara. Aliuliza kama amekula. Sitaki kuiita hali hiyo utumwa, maana nawaheshimu waliofungwa minyororo. Lakini njia aliyopita ni ileile, na mwelekeo ni uleule, wa pwani.

Amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Tunaomba kiwango cha sasa kipandishwe, kisimamiwe, na dalali anayechukua mtoto kijijini aandikishwe kwa mtendaji wa kijiji, jina lake na anakompeleka. Mtoto asiyetimiza umri wa kuajiriwa asitoke.

Tunaomba pia ardhi. Tangu Dodoma iwe jiji, mwaka 2018, mji unatembea kuelekea mashamba yetu. Sheria ya ardhi inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Ilipwe kabla bikoni hazijasimikwa, na mwenye shamba apewe kiwanja palepale alipolima.

Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea kwa ajili ya vita vya Maji Maji. Tulifurahi pamoja na ndugu zetu wa kusini. Mazungumzo na Ujerumani, na yoyote yatakayofuata na Uingereza, tunaomba yaiweke Mtunya mezani, ng'ombe, nafaka na watu. Chochote kitakachopatikana kisiishie kwenye majengo ya mjini. Kianze na maji, na kianzie Marenga Mkali.

Njia hii, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, Mpwapwa na Kilimatinde zikiwamo, iliingizwa kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kazi hiyo ikamilishwe, na watoto wetu waisome darasani, pamoja na sura ya hongo.

Mwisho, tunaomba Bunge liunde kamati ya kukusanya ushuhuda wa wazee ambao wangali hai. Taarifa yake isomwe Mpwapwa, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, kabla haijapelekwa Umoja wa Afrika, Addis Ababa.

Naomba kuwasilisha.