Sikio la Kufa na Nyundo za Kamukunji

Wahenga waliposema kwamba sikio la kufa halisikii dawa, walikuwa wakimsema mkaidi asiyeonyeka. Katika karakana za Kamukunji, jijini Nairobi, methali hiyo imeacha kuwa istiari. Hapo ndipo hukunjwa na kugongwa masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa Kenya huyabeba kwenda shule za bweni, pamoja na karai na majiko yanayouzwa kote nchini. Fundi huinamia bati lake tangu asubuhi, na wenzake wamemzunguka pande zote wakigonga ya kwao. Mlio wa nyundo juu ya bati hupita desibeli 100 kwa urahisi. Wataalamu wa afya kazini wana kanuni inayotumika sana: desibeli 85 huvumilika kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hukatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni za robo saa tu kwa siku nzima. Fundi wa Kamukunji huwa ameimaliza robo saa yake kabla ya chai ya saa nne.

Maarifa haya si mageni. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 kuhusu wafua shaba wa Venice waliokuwa wakizeeka na uziwi. Mnamo mwaka 1886, Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 waliounda boila za mvuke, na hakumpata hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Linaloshangaza, basi, ni kwamba hadi leo mfanyakazi aghalabu hupimwa baada ya kulalamika, ilhali uziwi wa aina hii una tabia ya kutolalamikiwa mpaka umekomaa.

Sababu ni hii. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojipinda mithili ya konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Seli hizo zikifa katika sikio la binadamu hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzifufua. Kelele haiziui zote kwa pamoja. Huanza na zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa za kiasi cha hezi 4000, karibu na mlio wa nyenje usiku. Nani katika Nairobi atatambua kwamba ameacha kumsikia nyenje?

Hapa mwanafunzi wa isimu anapaswa kutega sikio, maana jambo hili linaingia katika fonolojia. Irabu za Kiswahili zina nguvu na hukaa katika sauti nene, ambako sikio la fundi bado ni zima. Vikwamizo sighuna kama s, f na th ni hafifu na hukaa juu, pale pale nyundo ilipokwisha kubomoa. Kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, fundi aliyeanza kuathirika huendelea kuupata wimbo mzima wa sentensi pamoja na irabu zake, kisha akakisia konsonanti kwa muktadha. Mteja akiuliza thamani ya sanduku, yeye husikia samani, lakini kwa kuwa mazungumzo ni ya bei, hujibu sawasawa. Humwona mteja kuwa ndiye anayenong'ona. Nyumbani huwashutumu watoto kwa kutafuna maneno na kuongeza sauti ya redio. Muktadha humficha hivyo kwa miaka, naye huapa kwamba masikio yake hayana neno. Hasemi uongo, sauti anaisikia kweli.

Kungoja malalamiko, kwa hiyo, ni kungoja nyumba iteketee ndipo moshi utafutwe. Kipimo chenyewe si kigumu. Mtu huketi mahali patulivu, huvalishwa vipokea sauti, na kuonyesha kila anaposikia mlio unaozidi kufifia, kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba. Penye madhara ya kelele, mchoro wa matokeo huonyesha bonde katika hezi 4000 au karibu na hapo, miaka mingi kabla ya mazungumzo kuvurugika. Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Cha kwanza kinapaswa kufanywa kabla mwanagenzi hajashika nyundo, kisha kirudiwe kila mwaka ili tofauti ionekane. Tena asipimwe akitoka kazini moja kwa moja, kwani masikio yenye mvumo wa jioni hutoa matokeo mabaya kuliko hali yao halisi.

Yamkini mtu atauliza: kuna faida gani kuugundua ugonjwa usiotibika? Faida ni kwamba hausongi mbele peke yake. Kelele ikipunguzwa, seli zilizosalia husalia. Vizibo vya masikio hugharimu kidogo, mradi visiwe pamba ya kawaida, ambayo haizuii lolote la maana. Hofu nzito zaidi ni ya mwajiriwa kiwandani anayedhani kwamba matokeo mabaya yatakuwa barua ya kufutwa kazi. Hofu hiyo ina msingi, na mpango wowote wa upimaji usiomlinda dhidi yake hautafaulu, kwani mtu atabonyeza kitufe hata asiposikia.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, na zinamtaka mwenye mahali pa kazi panapopita desibeli 85 awe na mpango wa kuhifadhi usikivu. Ni kanuni nzuri kwa kiwanda chenye ofisi na lango. Kamukunji haina lango. Fundi wa jua kali ndiye mwajiri, ndiye mwajiriwa, na jirani yake ndiye kelele. Huyo hatafikiwa na mkaguzi. Atafikiwa na kipimo kinachomfuata alipo, tena kwa lugha yake. Kumpima kwa orodha ya maneno ya Kiingereza ni kumpima Kiingereza.

Afrika Kusini ilianzisha mwaka 2016 jaribio la kitaifa la kusikia kwa simu, ambalo msikilizaji hutambua tarakimu zinazotamkwa katikati ya mvumo. Kiswahili kina bahati ya pekee katika jambo hili: tarakimu zote, kuanzia moja hadi tisa, zina silabi mbili mbili, hivyo msikilizaji hawezi kukisia kwa urefu wa neno. Sita na saba huanza kwa kikwamizo kile kile. Sita na tisa hubadilishana konsonanti tu. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina watu wa kuzipanga, kuzitamka na kuzirekodi kwa ushirikiano na wanafunzi wa udaktari, kisha kuzipeleka Kamukunji asubuhi na mapema, fundi akiwa ametoka kulala na nyundo bado iko chini.