Ushujaa Vitani Haufuti Hesabu ya Mali ya Umma



Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu ya Bunju mtunza fedha huulizwa risiti ya mfuko mmoja wa saruji, na haimpasi kununa. Iweje basi afisa wa jeshi aliyekabidhiwa mamilioni ya umma asiulizwe, eti kwa kuwa amepigana vita, au kwa kuwa mambo ya jeshi ni siri?

Tuwatazame jirani zetu. Mwaka 1998 Uganda iliuziwa helikopta za kivita aina ya Mi-24 kutoka Belarus, zikabainika kuwa chakavu. Mamilioni ya dola yakapotea. Jenerali Salim Saleh, mdogo wake Rais Museveni, alikiri kuahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ilichunguza, lakini Saleh hakufikishwa mahakamani. Baadaye alikabidhiwa mpango mwingine mkubwa wa serikali!

Nasi hapa nchini, mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikataa kulieleza Bunge habari za Meremeta, kampuni ya dhahabu iliyohusishwa na jeshi, kwa hoja ya usalama wa taifa. Tunauliza: adui atapata nguvu gani akijua fedha ya dhahabu imekwenda wapi? Siri ya silaha tunaikubali. Siri ya hesabu ni pazia la mwizi.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Mid'am, mtumishi wa Mtume (S.A.W.), aliyeuawa kwa mshale baada ya Khaybar. Watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume akaapa kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamuwakia moto. Ikiwa kifo cha safarini pamoja na Mtume hakikufuta shuka moja, nyota za begani zitafuta nini? Na kamisheni ndiyo ile ile "zawadi" ya Ibn al-Lutbiyya, ambayo Mtume aliikemea juu ya mimbari.

Kwa hiyo tunadai hesabu za kampuni na mikataba ya jeshi zimfikie Mkaguzi Mkuu na kamati ya Bunge, hata kwa faragha, na aliyekula ashitakiwe kwa cheo chake. Maimamu waisome Aal Imran aya ya 161 juu ya mimbari, wala wasiogope magwanda.