Sekunde 10 za kupumzika: nani aliziweka kwenye simu yako?

Wadau, programu nyingi za mazoezi ya nyumbani huja zimewekwa sekunde 20 za kazi, 10 za kupumzika. Kipimo hicho kilitoka Japani, kwa Izumi Tabata na wenzake, mwaka 1996. Ila wao walitumia baiskeli za maabara, na waliopimwa walikuwa wanafunzi waliozoea michezo. Pushapu za mtu wa hapa Illasit aliyeshinda kwenye kiti ni jambo jingine kabisa.

Akiba ya nguvu ya haraka kwenye misuli huhitaji dakika kadhaa kujaa tena. Kwa sekunde 10 hujapumzika, umebadilisha mkao tu. Raundi ya tano magoti yanaingia ndani, mgongo unabonyea. (Prosesa ikipata moto hupunguza kasi yenyewe. Goti halina akili hiyo.)

Tazameni morani wakiruka: mmoja au wawili huingia katikati, huruka, hutoka, wengine wakaingia. Hakuna anayewahesabia sekunde 10.

Mimi nasema anayeanza aweke 20 kwa 40, apunguze baadaye. Na sisi waandishi wa programu tusiigandishe namba hiyo kwenye msimbo. Mtumiaji aibadilishe mwenyewe, tena bila kulipishwa.