DUNIA TATU ZA WABUDHA SI DUNIA, BARZAKH NA AKHERA



Ndugu zangu, kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mhadhiri mmoja (simtaji, na anayemjua asimtaje kwenye komenti) anasema Wabudha wanaamini dunia tatu, na kwamba tatu hizo ni dunia hii, barzakh na akhera. Hapo hapo anaruka: kwa hiyo Buddha ni Nabii Dhul-Kifl, alayhis-salaam. Watu takbiir!

Nimeletewa mara nyingi nikanyamaza. Kilichonitoa kimyani ni ujumbe wa kijana wetu aliyeko Muscat. Anakaa chumba kimoja na mtu wa Sri Lanka, Mbudha, mtu mpole, wanapika pamoja. Akamweleza yale ya kwenye video akidhani anamlingania. Mwenzake akacheka, tena bila dharau, akamuuliza: "Nani amekufundisha dini yangu?" Kijana ananiambia: "Sheikh, sikuwa na jibu. Na tangu siku ile nikimgusia Qur'ani ananitazama kama mtu asiyejua anachosema."

Mnaona hasara yake? Uongo umesemwa juu ya Wabudha, lakini anayetiliwa shaka sasa ni Qur'ani.

Haya, tuje kwenye maneno yenyewe. Kisanskriti wanasema trailokya, au traidhatuka, yaani zile tatu. Ya kwanza ni kamadhatu, dunia ya matamanio. Sikilizeni vizuri waliomo humo: watu wa motoni, pepo wenye njaa, wanyama, wanadamu, na miungu wa mbingu sita. Wote hao. Kwa hesabu yao, moto, Kariakoo na mbingu sita vimo ndani ya dunia moja, ile ya kwanza! Sasa barzakh utaipachika wapi?

Ya pili ni rupadhatu, dunia ya umbo lisilo na matamanio. Hiyo inafuata daraja nne za kuzama katika utulivu wa moyo. Vasubandhu, mwanachuoni wao wa karne ya 4 au ya 5, katika kitabu chake Abhidharmakosha amehesabu humo mbingu 17; Wabudha wa Sri Lanka huhesabu 16. Ya tatu ni arupyadhatu, isiyo na umbo kabisa: anga isiyo na mwisho, ufahamu usio na mwisho, utupu, na hali ambayo si utambuzi wala si kutotambua. Na Vasubandhu anasema ya tatu hii haina hata mahali. Si juu wala si chini.

Sasa mshike hapa, maana ndipo video ile inapovunjika. Kwetu barzakh ni baina ya kufa na kufufuliwa, na akhera ndiyo makazi ya kudumu. Kwao dunia zote tatu ni samsara, mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mtu anapanda, anashuka. Aliyefika kilele cha ile ya tatu, ambaye umri wake ni kalpa 80,000, naye siku zikiisha anazaliwa tena, na anaweza kuangukia chini kabisa. Wokovu kwao ni kutoka katika zote tatu, na huko kutoka wanakuita nirvana. Sutra ya Lotus imezifananisha dunia tatu na nyumba inayoungua ambayo watoto wanachezea ndani. Vitabu vyao pia vinasimulia kwamba Buddha aliwaacha walimu wake wawili, Arada Kalama na Udraka Ramaputra, kwa sababu mafundisho yao yaliishia kwenye ile dunia ya tatu.

Kwa hiyo ukimwambia Mbudha "dunia yenu ya tatu ni akhera," umechukua kile anachokikimbia ukamwambia ndicho anachokitafuta. Asicheke?

Na hili la Dhul-Kifl. Hoja yao ni kwamba Waarabu hawana herufi "p", basi Kapilavastu, mji alikokulia Buddha, ukawa Kifl. Ndugu yangu, kwa mtindo huo hakuna jina litakalosalimika. Mzizi kaf-fa-lam ni Kiarabu safi, una maana ya dhamana na fungu. Wanaofanya kazi Ghuba wanaujua kila siku katika neno kafili! Qur'ani imemtaja Dhul-Kifl mara mbili, Suratul-Anbiyaa na Suratu Swaad, pamoja na wenye kusubiri na walio bora. Haikutaja mji wake. Wewe umeutoa wapi?

Najua atakuja mtu: "Sheikh, unawatetea Wabudha." Siwatetei. Ninao ugomvi nao, ila ugomvi wa kweli. Katika maandiko yao, Brahmajala Sutta, Brahma ni kiumbe aliyetangulia tu kuzaliwa ulimwengu ulipofunguka upya, akajidhania kuwa ndiye muumba, na waliomfuata wakamsadiki. Hapo ndipo pa kusimama! Waulize: mnasema kila tendo linapimwa na kila mtu anazaliwa panapomstahiki. Mizani hiyo imewekwa na nani, na inajuaje jema na baya, ikiwa hakuna Mjuzi? Hilo ni swali. Wanayo majibu yao, tuyasikilize, tujadiliane. Lakini mwenye video amepita pembeni ya swali zima akaenda kuokota silabi.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Al-Biruni, zama za Mahmud wa Ghazna, alijifunza Kisanskriti kwa taabu, akaandika kitabu chake juu ya India mnamo 1030. Ameeleza humo loka tatu za Wahindu, ya juu, ya kati na ya chini, ambazo nazo si hizi za Wabudha. Alipofika kwa Wabudha akasema waziwazi kwamba hakupata kitabu chao wala hakukutana na Mbudha wa kumuuliza. Al-Biruni huyo! Karibu miaka 1,000 iliyopita alikiri. Mhadhiri wetu ana intaneti mfukoni.

Kijana wa Muscat nilimjibu hivi: Mwanangu, mrudie mwenzako umtake radhi. Mwambie akufundishe yeye mwenyewe dunia tatu ni nini, usimkatize. Akimaliza, muulize lile swali la mizani.

Jana ameniandikia. Mwenzake amekubali, watakaa Ijumaa jioni, na chai amesema atapika yeye.

Wabillaahi tawfiiq.